Mtoto Haokolewi Peke Yake

Na Mwandishi Wetu

Mary Slessor, binti wa kiwandani kutoka Scotland, aliishi karibu miaka 40 katika nchi ya Calabar akiwaokoa watoto mapacha waliotupwa porini. Makala haya yanaeleza aliyoyatenda, aliyojifunza kutoka kwa wanawake wa huko, na funzo lake kwetu sisi wazazi wa leo.

Siku moja katika miaka ya 1890, mwanamke mmoja alikuwa akitembea kwa shida katika njia ya msituni, sanduku la mbao kichwani. Hapo palikuwa nchi ya Okoyong, ambayo leo imo katika Jimbo la Cross River, kusini-mashariki ya Nigeria. Sanduku hilo lilikuwa la chupa za pombe kali iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya, lakini siku hiyo halikuwa na chupa. Ndani yake walikuwamo watoto mapacha aliowazaa muda mfupi kabla ya hapo. Vyungu vyake vilikuwa vimevunjwa, nguo zake zimechanwa, na watu walikuwa wakimfukuza kwa makelele. Mwanamke huyo alikuwa mtumwa, na hadi siku ile alithaminiwa sana kwa kazi zake. Kosa lake lilikuwa moja tu: kuzaa mapacha.

Njiani alikutana na Mzungu aliyekuwa akija mbio kumpokea. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele zake nyekundu zimekatwa kama za mvulana, hana kofia wala viatu. Huyo ndiye Mary Slessor, mmisionari wa Kanisa la Presbiteri la Scotland. Kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekubali kuligusa sanduku lile, alilichukua yeye mwenyewe.

Hata hivyo, hakumwongoza mzazi yule kwa njia iliyozoeleka ya kwenda sokoni. Alijua kwamba mama wa mapacha akiipita njia hiyo, hakuna mtu atakayeikanyaga tena, na kijiji kizima kitalazimika kufyeka njia nyingine. Basi alisimama hapo na mzigo wake, akangoja mpaka kikafyekwa kichochoro kipya kutoka njiani hadi nyumbani kwake. Walipofika, mtoto mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili, msichana, alikuwa hai.

Kisa hiki kiliandikwa na Mary Kingsley, msafiri Mwingereza aliyefika kwa Slessor siku zile, katika kitabu alichokitoa mwaka 1897. Kingsley hakuwa mpenzi wa wamisionari. Aliwakosoa mara kwa mara kwa kudharau mila za Waafrika wasizozielewa. Kwa sababu hiyo, sifa alizompa Slessor zina uzito.

Msomaji anaweza kujiuliza: kwa nini mtu anayekimbilia kuokoa maisha ya kichanga asimame kungoja njia ifyekwe? Jibu la swali hilo ndilo shabaha ya makala haya. Slessor alikuwa amejifunza, baada ya miaka mingi na machozi mengi, kwamba mtoto haokolewi peke yake. Akishatolewa porini, ni lazima awe na mahali pa kuishi, na watu wa kuishi nao. Kama watu hao wamekasirishwa na kuvunjiwa soko lao, mtoto yule atakuwa ameokolewa kwa siku moja tu.

BINTI WA KIWANDANI

Mary Slessor alizaliwa tarehe 2 Desemba 1848 katika mji wa Aberdeen, akiwa wa pili katika watoto saba. Baba yake alikuwa mshona viatu, tena mlevi. Mama yake alikuwa mfumaji, mwanamke mcha Mungu na mvumilivu. Mwaka 1859 jamaa hiyo ilihamia Dundee, mji wa viwanda vya nguo na magunia, ili kutafuta riziki.

Mary alipofika miaka 11 aliingia kiwandani. Nusu ya siku alifanya kazi, na nusu nyingine alisoma katika shule ya kiwanda. Alipotimiza miaka 14 alikwisha kuwa mfanyakazi kamili wa mashine, akiingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni. Baba na ndugu zake wa kiume walikufa kwa kichomi. Mary akabaki na mama na dada zake wawili, naye ndiye aliyekuwa tegemeo lao.

Tumezieleza habari hizi kwa makusudi. Wengi wetu tumezoea kumfikiria mmisionari kuwa ni mtu aliyetoka katika shibe akaja kuwahurumia wenye njaa. Slessor hakuwa hivyo. Aliijua nyumba ambayo mshahara huishia kilabuni. Alijua maana ya mama kuficha machozi mbele ya watoto, na maana ya mtoto kuamshwa alfajiri kwenda kumtajirisha mwenye kiwanda. Alipofika Afrika na kukuta watoto na wanawake wanyonge, hakuhitaji kufundishwa unyonge ni nini.

Kilichomvuta Afrika ni habari za kifo cha David Livingstone, ambaye naye alikuwa mtoto wa kiwandani tangu umri wa miaka 10. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waafrika waliokuwa naye, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Kutoka pwani yetu hiyo ulisafirishwa kwenda kuzikwa London, na makanisa ya Scotland yakaanza kutafuta watu wa kuendeleza kazi yake. Mary Slessor alijitokeza. Tarehe 5 Agosti 1876 alipanda meli, na mwezi uliofuata akashuka Calabar. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Misheni aliyoikuta hapo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1846 na Hope Waddell na wenzake waliotoka Jamaica, baadhi yao wakiwa watu weusi. Wenyeji wa Calabar, Waefik, walikuwa wafanyabiashara hodari waliozoeana na meli za Wazungu kwa vizazi kadhaa, kwanza katika biashara ya watumwa na baadaye katika mafuta ya mawese. Meli hizo zilizoleta Biblia ndizo zilizoleta pia mapipa ya pombe na bunduki. Slessor, binti wa mlevi, hakuacha kulisema jambo hilo.

HOFU YA MAPACHA

Katika nchi ile, mapacha walipozaliwa, furaha ya nyumba iligeuka kuwa kilio. Watu waliamini kwamba mtoto mmoja kati ya wawili hao alizaliwa na pepo mbaya. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtambua ni yupi, wote wawili waliuawa, au walitiwa katika chungu na kutupwa porini. Mama yao alihesabiwa kuwa najisi. Alifukuzwa kwake, akaenda kuishi porini peke yake, na wengi walikufa huko.

Tusifanye haraka kuwacheka watu hao. Katika makabila kadhaa ya Afrika Mashariki pia, kuzaliwa kwa mapacha kulileta hofu, na wazazi walifanyiwa matambiko mazito ili balaa isiukumbe ukoo. Binadamu asipojua sababu ya jambo, huogopa. Na akiogopa, humtafuta mnyonge wa kumtwika hofu yake.

Wala Ulaya ya wakati huo haikuwa safi. Nchini Uingereza, wasichana wa kazi waliozaa nje ya ndoa walifukuzwa kazini na nyumbani, wakalazimika kuwapa wanawake wengine watoto wao pamoja na fedha za malezi. Mwaka 1896 mwanamke mmoja wa huko, Amelia Dyer, alinyongwa baada ya kugunduliwa kwamba alikuwa akipokea fedha hizo na kuwaua watoto. Kule walitupwa mtoni, huku walitupwa porini. Kote kuwili mama maskini ndiye aliyebeba aibu, na mtoto ndiye aliyelipa.

NYUMBA YENYE KAMBA NYINGI

Miaka ya kwanza Slessor alifanya kazi miongoni mwa Waefik. Aliugua malaria, akarudishwa kwao mwaka 1879, akapona na kurejea mwaka uliofuata. Safari hiyo aliomba aishi peke yake katika Old Town. Alikaa katika nyumba ya udongo na kula chakula cha wenyeji, kwanza kwa sababu alikipenda, na pili ili abakize sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya mama na dada zake. Alikisema Kiefik kwa ufasaha ambao wageni wengi hawakuufikia. Mama yake na dada yake mmoja walipofariki karibu wakati mmoja mwanzoni mwa mwaka 1886, Scotland haikuwa tena na mengi ya kumrudisha.

Agosti 1888 aliingia Okoyong, mbali zaidi na pwani, na kupokelewa na Chifu Edem katika kijiji cha Ekenge. Hapo aliishi miaka 15 hivi. Nyumba yake iligeuka kuwa makazi ya watoto. Walikuwamo mapacha, na pia vichanga ambao mama zao walikufa wakati wa kujifungua, maana hao nao mara nyingi hawakuwa na mlezi. Usiku vichanga walilazwa katika machela ndogo za kuning'inia, kila moja imefungwa kamba iliyofika kitandani kwake. Mtoto akilia gizani, Slessor aliivuta kamba yake na kumbembeleza bila kuinuka. Usiku mwingine alivuta kamba hii, akavuta ile, mpaka kukapambazuka. Kila mama aliyewahi kulea hata mtoto mmoja mgonjwa ataelewa usiku huo una urefu gani.

Hakuokoa wote. Wengi waliletwa wakiwa wamekwisha kupigwa na baridi au kuumwa na siafu, wakafa mikononi mwake. Yule msichana wa katika sanduku, aliyepewa jina la Susie, alipendwa sana nyumbani humo. Lakini hakutimiza miaka miwili. Alijimwagia maji ya moto akafa. Slessor alimlilia kama mama yeyote anavyomlilia wa tumboni mwake.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa ukurasa huu watapenda kulijua. Mwaka 1891 Slessor alichumbiwa na mwalimu mmoja wa misheni, Charles Morrison, kijana aliyemzidi Slessor kwa afya mbaya na kupungukiwa umri kwa miaka 18. Slessor alikubali kwa sharti kwamba waishi wote Okoyong. Wakuu wa misheni walikataa kumhamishia Morrison huko. Slessor aliambiwa achague, akawachagua watoto. Hakuolewa tena.

MA EME NA CHUPA YA DAWA

Vitabu vingi vinavyomsifu Slessor humwonyesha kana kwamba alisimama peke yake dhidi ya nchi nzima. Ukweli haukuwa hivyo. Mgeni mmoja, hata awe shujaa wa namna gani, hawezi kujua ni nyumba ipi kati ya mamia ya nyumba za msituni ambamo mapacha wamezaliwa usiku wa manane. Lazima awepo mtu wa kumwambia.

Mtu huyo alikuwa Ma Eme, dada yake Chifu Edem. Alikuwa mjane, mwanamke mnene, mwenye heshima na sauti nyumbani kwa kaka yake. Yeye na Slessor walipatana kwa ishara ya siri. Kila palipopangwa jambo la hatari, Ma Eme alimtuma mtumishi kwa Slessor na chupa tupu ya dawa, eti ijazwe. Aliyeiona chupa aliona mgonjwa anahitaji dawa. Slessor alijua kwamba anapaswa kuwa macho na kujiandaa kutoka.

Tufikirie hatari aliyoikubali mwanamke huyo. Slessor angeshindwa, angepanda meli kurudi kwao. Ma Eme angegunduliwa, asingekuwa na pa kwenda. Wala hakufanya hivyo ili asifiwe na kanisa, kwa sababu mpaka anakufa hakubatizwa, jambo lililomhuzunisha sana rafiki yake. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa mwanamke aliyechoshwa na vifo visivyo na maana. Jina lake halimo katika noti wala katika sanamu yoyote, lakini kila mtoto aliyeokolewa Ekenge ana deni kwake.

BABA ALIPOMWONA BINTIYE

Katika watoto wote waliolelewa na Slessor, wa kwanza na mkubwa wao alikuwa Janie, pacha aliyenusurika akiwa kichanga wakati ndugu yake wa kiume aliuawa. Slessor alimpenda hata akampeleka Scotland mwaka 1883.

Siku moja mwanamume fulani alikuja kwa shughuli zake, ikajulikana kwamba ndiye baba mzazi wa Janie. Alipoambiwa kwamba binti yake yu hai, alipigwa na bumbuazi. Slessor alimtaka aje amwone. Akakataa, akitetemeka. Slessor, ambaye hakuwa na desturi ya kuomba mara mbili, alimshika mkono akamvuta hadi alipokuwa mtoto, akaichukua mikono ya baba akamzungushia binti. Yule bwana alisimama akiwa amekakamaa kwa hofu, akingoja balaa imshukie. Balaa haikushuka. Alichohisi ni joto la mwili wa mtoto wake. Uso wake ukalegea, akamkumbatia. Tangu siku hiyo alifika mara kwa mara kumwona, na hakuja mikono mitupu. Alileta chakula cha shambani kwake.

Ndugu msomaji, tukio hilo dogo lilikuwa na nguvu kuliko mahubiri mia moja. Mapacha waliolelewa nyumbani kwa Mzungu wangeweza kuendelea kuogopwa milele kama watoto wa Mzungu. Pacha aliyekumbatiwa na baba yake mbele ya macho ya watu ni habari nyingine. Watu walimwona Janie akikua, akipika, akiteka maji, akibeba vichanga wengine mgongoni. Walimwona baba yake akimtembelea na mashamba yake yakiendelea kuzaa. Hofu ya vizazi vingi haikuondolewa kwa siku moja, lakini ilianza kukosa ushahidi.

KIJIJI CHA AKINA MAMA

Kadiri alivyokaa, ndivyo Slessor alivyoona kwamba kumwokoa mtoto na kumwacha mama ni kazi nusu. Katika jamii ile mwanamke alihesabiwa kwa mwanamume aliyemmiliki: baba, mume au bwana wake. Mama wa mapacha aliyefukuzwa, mjane asiyerithiwa, na mtumwa aliyekimbia mateso hawakuwa na ardhi wala mlinzi. Hata kama wangeruhusiwa kuishi, wangeishi kwa chakula gani?

Kwa hiyo, alipokwisha kuhama Okoyong na kuingia katika nchi ya Waibibio, alianzisha huko Use Ikot Oku makazi ya wanawake na wasichana. Hayakuwa makazi ya kugawa chakula cha bure. Wanawake walilima, walifuga, na walisuka mikeka na vikapu kwa ajili ya kuuza. Shabaha ilikuwa kila mwanamke apate riziki kwa mikono yake, asimtegemee bwana wala misheni. Mapema zaidi, alikuwa ameisukuma misheni yake ifundishe vijana ufundi badala ya kusoma Biblia peke yake, na mwaka 1895 ikaanzishwa Calabar shule ya Hope Waddell. Katika shule hiyo alipita baadaye Nnamdi Azikiwe, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Nigeria.

Hayo ndiyo maneno ambayo wananchi wa Tanzania waliyazoea kwa jina la kujitegemea. Binti wa kiwandani hakuyasoma katika kitabu. Aliyajua kwa kuwa yeye na mama yake waliishi kwa jasho lao, na alijua tofauti kati ya mkate uliofanyiwa kazi na mkate wa kuhurumiwa.

KIVULI CHA MKOLONI

Haitakuwa haki kuandika sifa peke yake. Slessor aliingia Okoyong akiwa mmisionari. Mwaka 1892 Waingereza walimfanya naibu wa konseli wao huko, akawa mwamuzi wa kesi. Mwaka 1905 alipewa tena kazi ya namna hiyo katika mahakama ya wenyeji huko Itu. Alizitumia nafasi hizo kuwatetea wanawake, na wanawake walilijua baraza lake. Lakini aliyekaa kitini hapo alikuwa anashika pia fimbo ya utawala uliokuwa ukiwanyang'anya watu nchi yao. Yeye mwenyewe alikuwa mkali, na hakuona vibaya kumzaba mtu mzima kofi barazani. Baada ya majeshi ya Waingereza kuwashambulia Waaro mwaka 1901 na 1902, njia ambazo misheni ilipita kwenda bara zilikuwa zimefunguliwa kwa bunduki.

Kuna pia suala la watoto. Mwaka 1898 aliwachukua wasichana wanne, Janie, Mary, Alice na Maggie, akaenda nao Scotland. Alikuwa na sababu ya kweli: aliogopa kuwaacha. Hata hivyo walikuwa wakitazamwa katika mikutano ya kanisa, na watu waliwatazama kama ushahidi wa sadaka zao. Hatukuachiwa maneno ya wasichana hao kuhusu walivyojisikia. Tunayo maandishi mengi ya Slessor. Ya mama zao mapacha hatunayo. Tangu wakati huo hadi leo, picha ya mtoto maskini imetumika kufungua mifuko ya watu wa mbali, na mara nyingi mtoto mwenyewe hakuulizwa.

Mtu anaweza kuyakubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba ukoloni ulikuwa dhuluma, na kwamba mwanamke huyu aliamka usiku kuvuta kamba za watoto ambao hakuna mwingine aliyewataka. Watu wa nchi ile walimpima kwa matendo hayo ya usiku, wakampa jina lenye maana ya Mama wa watu wote. Alifariki Use tarehe 13 Januari 1915, akiwa na umri wa miaka 66, akiuguzwa na Janie na wasichana wengine aliowalea. Alizikwa Calabar. Katika miaka ya 1990 benki moja ya Scotland ilitoa noti ya pauni 10 yenye sura yake, mahali ambapo zamani ilikuwapo sura ya Livingstone.

NA SISI JE?

Ingekuwa vyema kumaliza hapa kwa kusema kwamba hayo yote yamepita. Hayajapita yote. Katika miaka ya 2000 ziliandikwa habari za vijiji vilivyo karibu na Abuja, mji mkuu wa Nigeria, ambako mapacha walikuwa bado wanaogopwa, na wamisionari Wanigeria wenyewe wakafungua nyumba ya kuwalea. Katika majimbo ya Cross River na Akwa Ibom, ndiyo nchi ileile aliyoishi Slessor, watoto walianza kushutumiwa kuwa wachawi, wakapigwa na kufukuzwa majumbani. La kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya walioshutumu walikuwa wahubiri, wakiishika Biblia mkononi na kudai fedha za kuwatakasa. Mwaka 2008 Jimbo la Akwa Ibom lilipitisha sheria ya haki za mtoto iliyofanya kumwita mtoto mchawi kuwa ni kosa la jinai. Hofu ilibadili nguo tu. Mnyonge wake alikuwa yuleyule.

Nasi Watanzania hatuna haki ya kunyoosha kidole. Hatujasahau mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyotutia aibu mbele ya dunia kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Serikali ilifanya lililo wajibu wake: iliwakusanya watoto katika shule na vituo vyenye ulinzi, kama Buhangija mkoani Shinyanga, na mwaka 2015 ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Makanisa, misikiti na wafadhili wa nje walileta vitanda, mafuta ya ngozi na kofia. Watoto wakawa salama.

Lakini baadhi yao walikaa humo miaka bila kutembelewa na wazazi. Wengine waliletwa wakiwa wadogo mno, wakasahau jina la kijiji chao. Na huko nyuma walibaki akina mama ambao waume zao waliwakimbia siku waliyomwona mtoto mweupe, wakisema ukoo wao hauna mtu wa namna hiyo. Nani aliwajengea akina mama hao? Nani alimshika mkono baba wa mtoto yule, akamwongoza mpaka alipo bintiye, na kuizungusha mikono yake?

Ukuta humlinda mtoto dhidi ya panga, na panapokuwa na panga ukuta ni wa lazima. Lakini ukuta haumlei. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto aliyelelewa na ukuta hujifunza kwamba nje hakuna anayemtaka. Fedha zinazochangwa na waumini kwa ajili ya watoto wa namna hii, ziwe zinatoka Ulaya au katika kikapu cha sadaka cha mtaani kwetu, zinapaswa pia kufika kwa mama: zimpe nauli ya kwenda kumwona mwanawe, zimpe mtaji wa genge au jembe la shamba, zimpe mtu wa kuongea na mumewe na wakwe zake. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kupeleka kwa mfadhili. Ni kazi ya polepole, kama ya kungoja njia ifyekwe huku umebeba mzigo.

Kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu, kazi iko karibu zaidi. Katika mtaa wako yupo mama aliyeachwa kwa sababu ya mtoto aliyemzaa. Huenda mtoto huyo ana ualbino, au ulemavu wa viungo, au kifafa. Majirani hawapiti karibu na mlango wake, na watoto wao wamekatazwa kucheza naye. Si lazima uwe mmisionari wala uwe na fedha. Pita mlangoni kwake mchana, watu wakiona. Piga hodi, ingia, mpakate mtoto wake. Kesho yake jirani mwingine ataona kwamba hukupatwa na lolote, naye atapita.